Amana ya Masikio



Wapendwa wasomaji, juma hili napenda tutafakari pamoja jambo tunaloishi nalo tangu alfajiri hadi usiku bila kulitazama usoni, nalo ni redio ya muziki. Hapa Arusha husikika kila mahali: ndani ya vifodi vinavyoteremka kutoka Ngaramtoni na Sakina, katika saluni za Kaloleni na Ngarenaro, kwa mafundi cherehani wa Soko Kuu, kwa mama lishe wa Kilombero, na hata mashambani Moshono, ambako mkulima hutundika kiredio kidogo kwenye tawi na kuendelea kupalilia migomba yake. Ukimwuliza yeyote kati ya hao anafanya nini, atakujibu kwamba anasikiliza muziki tu. Neno hilo dogo, "tu", ndilo lililonisukuma kuandika.

Yupo kijana mmoja wa parokia yetu ambaye kwa miaka kadhaa sasa amekuwa akipanga muziki katika kituo kimoja cha redio mjini. Jina lake sitalitaja, wala la kituo chake, na mwenyewe ameniruhusu kueleza haya kwa sharti hilo. Alinijia jioni moja akiwa na swali lililomnyima usingizi. Lakini kabla ya kulitoa, nilimwomba anieleze kwanza kazi yake, maana ni vigumu kumshauri mtu juu ya kazi usiyoijua. Alichonieleza kilinishangaza kwa jinsi kilivyojaa hesabu na hekima.

Alichukua karatasi, akachora duara, akaligawa vipande kama mtu akataye mkate. "Baba," aliniambia, "hii ndiyo saa moja ya redio." Mwanzoni mwa saa aliweka wimbo unaopendwa kuliko zote, kwa kuwa watu wengi hufungua redio wakati huo wakingoja habari, na anayefungua akakuta asichokipenda huhama mara moja. Kisha akagawa nyimbo katika mafungu matatu. Fungu la kwanza ni nyimbo mpya zinazovuma. Hizi ni chache, pengine kumi hivi, na kila moja hurudi baada ya saa mbili au tatu. Fungu la pili ni zile zilizovuma mwaka jana au juzi, ambazo watu bado hawajazichoka. Hizo hurudi mara moja kwa siku. Fungu la tatu ni zilipendwa, ambazo ni nyingi sana na hurudi baada ya siku nyingi, ili kila ijapo moja mtu aseme, "Loo, wimbo huu!"

Nilimwuliza kwa nini warudie nyimbo kumi zile zile ilhali nchi ina wanamuziki maelfu. Akanisimulia habari ambayo wapangaji wa redio husimuliana ulimwenguni kote. Katika mji wa Omaha nchini Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kijana aitwaye Todd Storz, ambaye familia yake ilimiliki kituo kiitwacho KOWH, alikaa katika baa moja akitazama mashine ya kupiga santuri kwa sarafu. Aliona kwamba wateja, ingawa santuri zilikuwa nyingi, walichagua zile zile chache tena na tena. Inasemekana kwamba baa ilipofungwa na wateja wakaondoka, wahudumu waliozisikia nyimbo hizo kutwa nzima walitoa sarafu zao wenyewe, wakazipiga tena zile zile. Storz akajifunza kwamba watu hupenda wakijuacho, na redio za muziki za dunia nzima zimekula matunda ya somo hilo mpaka leo. Baadaye hesabu hiyo iliingizwa katika kompyuta. Kampuni ya RCS, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1979, ilitengeneza programu ya Selector ya kupanga nyimbo, ili msanii mmoja asisikike mara mbili mfululizo na wimbo mmoja usirudi kila siku saa ile ile.

Hata hivyo, kijana wangu alisema kwamba kompyuta haimjui msikilizaji wa Arusha. Mpangaji ana maswali mawili ya kujibu, na majibu yake hugombana. La kwanza: ni watu wangapi wanaofungua kituo changu? La pili: kila mmoja anakaa nami kwa muda gani? Abiria wa kifodi kutoka Tengeru hadi mjini anasikiliza nusu saa, na usipompigia wimbo anaoupenda ndani ya nusu saa hiyo umempoteza. Fundi cherehani wa Soko Kuu anasikiliza kutwa, na ukimrudishia wimbo huo huo mara tano kwa siku, kabla ya machweo ameshazungusha kitufe na kuhama. Ukimridhisha abiria unamchosha fundi, na ukimridhisha fundi unamkosa abiria. Kazi ya mpangaji ni kukaa kati ya hao wawili kila siku ya Mungu.

Kwa sababu kituo chake hakina fedha za utafiti, yeye huchukua simu yenye vipande vya nyimbo na spika za masikioni, akaenda sokoni Kilombero na katika saluni, akawaomba watu wasikilize kila kipande kwa sekunde chache na kumwambia: waujua? waupenda? umeuchoka? Swali la tatu ndilo alilosema lina thamani kubwa kuliko yote, maana wimbo uliochokwa bado hupendwa mdomoni wakati mkono unazima redio. Alinieleza pia kwamba wimbo mgeni hauwekwi kando ya mgeni mwenzake. Huwekwa katikati ya nyimbo mbili zinazojulikana, kama mtoto avukaye barabara akiwa ameshikwa mikono na baba na mama. Ndivyo machalii wa Arusha walivyopata nafasi redioni zamani wakati rapu ya Kiswahili ilipokuwa bado changa. Kundi la X Plastaz, lililochanganya rapu na uimbaji wa Kimasai na kutoa albamu yake "Maasai Hip Hop" mwaka 2004, lilikuwa geni masikioni mwa wengi, na jambo geni halipendwi mpaka litakapozoeleka.

Na yako mambo ambayo hesabu haiyajui kabisa. Mawimbi ya FM husafiri karibu kama mwanga wa tochi, kwa mstari ulionyooka. Mlima wetu Meru, wenye urefu wa zaidi ya mita 4,500, husimama katikati kama ukuta, na anayeishi nyuma yake kutoka mahali ulipo mtambo hupata sauti yenye mikwaruzo au hapati kitu. Kuna siku za soko, Tengeru Jumatano na Jumamosi, ambapo kina mama huwa barabarani kabla hakujapambazuka. Kuna Jumapili, ambapo hata vituo vya starehe hupiga kwaya. Na kuna siku za msiba, ambapo ratiba nzima hufutwa. Alipofariki Mwalimu Nyerere tarehe 14 Oktoba 1999, redio zetu ziliacha nyimbo za kuchezwa zikapiga za maombolezo, na hakuna aliyehitaji kompyuta imwambie kwamba ndivyo ipasavyo.

Wapendwa, sisi wenye umri tunakumbuka wakati ambapo sanaa hii ya kung'ang'ania msikilizaji haikuhitajika. Matangazo ya redio yalianza Dar es Salaam mwaka 1951, na kwa miongo mingi Tanzania Bara ilikuwa na sauti moja tu, iliyokuja kuitwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Msikilizaji angehamia wapi? Lakini hata katika upweke ule, Redio Tanzania ilijua siri ambayo wengi wameisahau. Ilisoma salamu. Watu walinunua kadi, wakaandika majina ya jamaa na marafiki, wakazituma kwa posta na kungoja majuma. Mtu wa Usa River aliyesikia jina lake likitamkwa kutoka Dar es Salaam hakulisahau mpaka kufa kwake. Kulikuwa na kipindi cha Ugua Pole, ambacho kiliwapelekea salamu na nyimbo wagonjwa waliolazwa hospitalini. Kulikuwa na matangazo ya vifo, ambayo kwayo ndugu wa mbali walipata habari wakawahi mazishi. Muziki ulipigwa katikati ya majina ya watu, na watu walikaa na redio kwa sababu waliamini kwamba redio inawajua.

Mwaka 1993 Bunge lilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji, na milango ikafunguliwa. Mwaka 1994 Radio One ilianza kusikika, na mwaka huo huo Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilianzisha Radio Tumaini. Mwaka 1996 Radio Maria ilianza huko Songea. Vituo vikaongezeka mpaka leo, ambapo kijana wa Arusha akizungusha kitufe kutoka mwanzo hadi mwisho hupita kituo kimoja baada ya kingine bila kuhesabu. Ushindani ulileta uhuru na vipaji vingi, na sina haja ya kuulaumu. Lakini ushindani ulileta pia bidhaa mpya sokoni. Mwenye kituo hauzi nyimbo, maana wewe huzilipii. Anachowauzia watangazaji wa biashara ni masikio yako na muda ambao masikio hayo yatatulia mahali pamoja. Kijana wangu, kwa duara lake na spika zake za masikioni, ndiye anayeyakusanya.

Sasa lilikuja swali lake. Kipindi chake chenye wasikilizaji wengi kuliko vyote huanza saa kumi na moja jioni hadi saa moja usiku, watu wanaporudi nyumbani. Amekijenga kwa miaka mitatu. Mtangazaji wake hupendwa, hutaja majina ya wasikilizaji na mitaa yao, hutania, huwapa pole wafiwa. Ndipo akaja mfanyabiashara mmoja wa dawa anayedai kwamba dawa yake hutibu magonjwa yote, tangu vidonda vya tumbo hadi kisukari. Alitaka nusu saa kila siku, katikati kabisa ya kipindi, muziki ukiwa mbele na nyuma. Hakutaka itamkwe kwamba amelipa. Alitaka mtangazaji aongee naye kama rafiki aliyepita kuwasalimu wasikilizaji, kwa sauti ile ile na utani ule ule. Fedha alizotaja zingelipa mishahara ya kituo kizima, na mwenye kituo alikuwa tayari kutia sahihi.

"Baba," kijana aliniambia, "shangazi yangu wa Usa River ana kisukari. Husikiliza kipindi hicho kila siku, na yule mtangazaji humwita mwanawe. Akiambiwa na mtangazaji huyo aache sindano, ataziacha. Lakini mimi sitakuwa nimesema neno. Mimi napanga nyimbo tu. Je, dhambi ni yangu?"

Mwaona, ndugu zangu, neno "tu" limerudi. Sikumjibu papo hapo. Nilimwuliza kama anajua kilichowahi kusikilizwa katika lile jengo kubwa la mikutano ya kimataifa, AICC, ambalo hulipita kila siku akienda kazini. Alijua kwamba kulikuwa na mahakama ya Rwanda. Hakujua kwamba miongoni mwa kesi zilizosikilizwa pale ilikuwemo kesi ya redio.

Tarehe 8 Julai 1993 kituo kilichoitwa RTLM kilianza kutangaza kutoka Kigali. Redio ya serikali ya Rwanda ilikuwa nzito na ya kiofisi. RTLM ilikuja na muziki. Ilipiga nyimbo zilizovuma za Zaire ambazo vijana walizipenda, na watangazaji wake waliongea kama watu walioketi baa na rafiki zao, kwa mizaha na maneno ya mitaani. Wasikilizaji walipiga simu, wakaombewa nyimbo, wakatajwa majina. Kwa kipimo cha kijana wangu na duara lake, ilikuwa kazi hodari, maana ilivuta watu na ilikaa nao. Kidogo kidogo, katikati ya nyimbo, yaliingia maneno ya kuwadharau na kuwashuku jirani. Na baada ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Rais Habyarimana ilipoangushwa, sauti zile zile zilizozoeleka ziliwahimiza watu kuwaua Watutsi, zikitaja hata majina ya watu na mahali walipo. Katika siku zipatazo mia moja waliuawa watu zaidi ya 800,000 kwa makadirio yanayotajwa mara nyingi. Wengi wa wasikilizaji wa redio ile walikuwa wabatizwa kama sisi, na wengi wao Wakatoliki.

Hukumu ilitolewa hapa Arusha tarehe 3 Desemba 2003. Ferdinand Nahimana, msomi wa historia aliyekuwa miongoni mwa waasisi wa RTLM, alitiwa hatiani pamoja na Jean-Bosco Barayagwiza na mhariri wa gazeti Hassan Ngeze. Jaji Navanethem Pillay alimwambia Nahimana kwamba, bila kushika bunduki wala panga, alisababisha vifo vya maelfu ya watu wasio na hatia. Tarehe 28 Novemba 2007 Mahakama ya Rufani ilipunguza adhabu na kufuta baadhi ya makosa. Kwa upande wa redio, hatia ya Nahimana iliyobaki ilihusu matangazo ya baada ya tarehe 6 Aprili 1994.

Nilimwomba kijana alitazame jambo hilo la mwisho kwa makini. Sheria ilifika mahali pa kuhesabu hatia yake tangu Aprili. Ile miezi tisa ya kwanza, tangu Julai 1993, ambamo nyimbo zilipigwa na masikio yakakusanywa, haikumtia mtu huyo gerezani. Hata mwanamuziki Simon Bikindi, ambaye nyimbo zake zilipigwa sana na RTLM, alipohukumiwa hapa Arusha tarehe 2 Desemba 2008 kifungo cha miaka 15, alitiwa hatiani kwa maneno aliyoyasema kwa kipaza sauti barabarani. Kwa nyimbo zake hakutiwa hatiani. Basi muziki wenyewe haukuhukumiwa, na kwa sheria ni sawa. Wataalamu pia wamebishana kwa muda mrefu ni kiasi gani redio ile ilisababisha mauaji, na ni kiasi gani yalitokana na amri za viongozi na hofu ya vita. Sitaki kulirahisisha jambo zito namna hii. Lakini ninaloliona wazi ni hili: sauti zile zisingesikilizwa mwezi Aprili kama watu wasingalizizoea tangu Julai. Muziki uliwaleta watu sebuleni, wakaketi, wakavua viatu. Aliyekuja kuzungumza nao baadaye aliwakuta wameshastarehe.

Kijana alinyamaza kwa muda. Kisha akasema kwamba muuza dawa si muuaji wa halaiki, na kufananisha haya mawili ni kumwonea. Alisema kweli, nami nilikubali. Dawa ya uongo na mwito wa kuua havina uzito mmoja. Kilicho kimoja ni njia vinayopitia. Katika yote mawili mtu humtumia msikilizaji imani ambayo msikilizaji aliitoa kwa ajili ya jambo lingine. Shangazi wa Usa River hakumpa mtangazaji yule imani juu ya sindano zake. Alimpa masikio yake kwa sababu ya nyimbo, salamu na pole za misiba. Hiyo ni amana. Mtu akikuwekea mbuzi wake umlishie, huwezi kumchinja ukasema kwamba ulikuwa na njaa.

Basi nilimjibu kwamba anayekusanya masikio anawajibika kwa mlango anaoulinda. Mpangaji wa muziki ni bawabu. Hatuwezi kumdai ayajue yote yatakayosemwa ndani, lakini twaweza kumdai asimfungulie mgeni kwa siri na kumvika nguo za mwenye nyumba. Tulikaa tukaandika mambo matatu ambayo angeweza kumpelekea mwenye kituo bila kumvunjia heshima. La kwanza, kila aliyelipa atajwe kwamba amelipa, mwanzoni na mwishoni. La pili, maongezi ya dawa yasiwekwe ndani ya kipindi cha muziki, wala mtangazaji wa kipindi asiyaendeshe. Yapewe saa yake na sauti yake, ili anayetaka kuyasikiliza ayafuate mwenyewe. La tatu, awepo daktari au muuguzi studioni, mwenye ruhusa ya kupinga palepale, na simu iwe wazi kwa wasikilizaji.

Kijana aliyapeleka. Mwenye kituo, ambaye si mtu mbaya bali ni mtu mwenye madeni, aliyasoma akakubali mawili ya kwanza, na la tatu akalikubali baada ya kusitasita. Muuza dawa alipoelezwa kuhusu daktari, aliondoka na fedha zake. Mishahara ilichelewa miezi miwili. Mfanyakazi mmoja aliacha kazi, na wenzake walimnunia kijana wetu kwa muda mrefu kwa sababu alikuwa "amefukuza chakula". Mwenyewe hajui kama mwakani atakuwa bado na ajira. Shangazi yake hajui lolote kati ya haya. Anaendelea kusikiliza kipindi, anaendelea na sindano zake, na hulalamika kwamba siku hizi wimbo fulani anaoupenda hupigwa mara chache.

Naandika haya kwa ajili yetu sisi tunaosikiliza, maana wapangaji wa muziki ni wachache na sisi ni wengi. Tarehe 4 Desemba 1963, miaka arobaini kasoro siku moja kabla ya hukumu ile ya Arusha, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitoa hati iitwayo Inter Mirifica juu ya vyombo vya mawasiliano. Hati hiyo haikuwaonya wenye vyombo peke yao. Iliwakumbusha wasikilizaji nao kwamba wana wajibu wa kuchagua, na kwamba anayesikiliza kila kitu bila kuchagua hushiriki kukijenga anachokisikiliza. Redio huhesabu masikio yetu. Tukihama, hujua. Tukibaki, hujua pia, na hulichukulia kama jibu la ndiyo.

Kwa hiyo nawaombeni mambo madogo yanayowezekana. Mkisikia sauti mnayoipenda ikianza ghafla kusifu dawa, mkopo au mtu wa siasa, jiulizeni kama ni mwenye nyumba anayesema au ni mgeni aliyevaa nguo zake. Mkiona kituo kinasema wazi ni nani aliyelipa, kaeni nacho, hata kama nyimbo zake ni pungufu kidogo, kwa maana kinalipa gharama ambayo hamuioni. Mkipata nafasi ya kupiga simu studioni, msiombe wimbo peke yake. Ulizeni pia, kwa upole. Nanyi vijana mnaotamani kazi hii, jifunzeni hesabu ya lile duara vizuri, kwa kuwa kumfurahisha mchovu anayerudi nyumbani ni kazi njema ya upendo. Ila mjue kwamba siku mtakapofaulu kuyakusanya masikio mengi, atakuja mtu mlangoni kuyataka, na huenda akaja kwa adabu, na fedha mkononi.

Bwana wetu alisema kwamba kondoo huifuata sauti waijuayo. Huwa tunalisikia neno hilo kama faraja, na ni faraja kweli. Kwa kila mwenye sauti inayojulikana, liwe pia sababu ya kutetemeka kidogo kabla ya kukiwasha kipaza sauti.

Nawatakieni juma jema lenye amani. Tuwaombee wanaofanya kazi katika redio zetu, wapangaji na watangazaji, na wale ambao mwezi huu mshahara wao umechelewa.

Wenu katika Kristo,
Paroko